Msitu wa kijiji unaolipa: mwongozo kamili wa kuutumia kupunguza umaskini

Tathmini ya taifa ya misitu, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya eneo lote la nchi kavu, na karibu nusu ya misitu hiyo imo ndani ya ardhi ya vijiji. Kwa hesabu hiyo, wanavijiji wetu wangepaswa kuwa watu wenye mali. Lakini sote tunajua hali ilivyo: lori la magogo hupita usiku, kijana wa kijijini hulipwa vibarua vya kukata na kupakia, faida huvunwa mjini, na kijiji hubaki na visiki na barabara iliyochimbika.

Mwongozo huu ni kwa wenyeviti, watendaji, wajumbe wa kamati za maliasili na mwanakijiji yeyote anayetaka msitu wa kwao uanze kulipa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Msitu haupunguzi umaskini kwa sababu una miti mingi. Unaupunguza pale kijiji kinapoumiliki kwa karatasi, kinapojua kilicho ndani yake, kinapouza kwa mkono wake chenyewe, na pale kila shilingi inaposomwa mbele ya mkutano. Ukiruka moja katika hayo manne, yaliyobaki hayatakufikisha popote.

## Kwanza tuelewe msitu unamsaidiaje maskini

Utafiti mkubwa wa CIFOR, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa misitu, uliofuatilia kaya karibu 8,000 katika nchi 24 zinazoendelea na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba takriban asilimia 28 ya kipato cha kaya hizo kilitoka kwenye mazingira ya asili, na sehemu kubwa ya hicho kilitoka misituni. Kuni, fito, nyasi za kuezekea, uyoga wa masika, asali, ubuyu, ukwaju, dawa za mizizi: vyote hivyo ni kipato, ingawa hakuna anayeviandikia stakabadhi.

Kipato cha namna hiyo humzuia mtu asizame zaidi. Mvua zikikosekana, familia hula matunda ya porini. Mtoto akiugua, mama huuza mzigo wa kuni. Ni msaada mkubwa, na mpango wowote unaoufunga msitu kabisa huwaumiza kwanza wale wasio na kitu kingine. Ila kuokota kuni hakujamtoa mtu kwenye umaskini. Kinachomtoa ni biashara halali yenye mkataba, bei inayoeleweka na fedha za pamoja zinazojenga kile ambacho kaya moja haiwezi kukijenga. Kijiji kinahitaji vyote viwili: kulinda kile maskini anachochuma bure, na kujenga kile kitakachouzwa.

## Hatua ya 1: Ardhi iwe yenu kwa maandishi

Wengi hutaka kuanzia kwenye mizinga au miche. Anzeni na ardhi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi hiyo iwe Msitu wa Hifadhi wa Kijiji. Hizo ndizo nguzo mbili mnazoegemea, na haki zinazotokana nazo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kijiji chenye msitu wa hifadhi uliofuata taratibu ndicho kinachotoa idhini ya kuvuna ndani yake. Hakilazimiki kupeleka serikali kuu mrabaha, yaani ada ya serikali kwa mazao ya msitu, kwa yale yanayotoka humo. Kinabaki na faini kinazotoza kwa mujibu wa sheria ndogo zake.

Ili mfike hapo mnahitaji nyaraka zifuatazo, na mpangilio wake una maana.

Mipaka ya kijiji na vijiji jirani ikubalike kwanza, pande zote zikiwepo, na ipimwe. Hapo ndipo hutoka Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Kama kuna mgogoro wa mpaka, umalizeni sasa. Mgogoro ulioachwa hulala kwa miaka, kisha huamka siku ile ile mnunuzi wa kwanza anapofika na fedha.

Baada ya cheti hufuata Mpango wa Matumizi Bora ya Ardhi. Hapa wanakijiji huamua wapi ni makazi, wapi mashamba, wapi malisho, wapi akiba ya watoto wao, na wapi msitu. Msipeleke msitu mahali ambapo watu tayari wanalima kwa kujificha mkitumaini kuwa watahama. Wahusika waitwe na wasikilizwe, na makubaliano yaandikwe. Wafugaji wanaopita kwa msimu nao waitwe, hata kama hawana nyumba kijijini. Msitu uliopangwa bila wao utaingizwa mifugo tu.

Mwisho, Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote wa miaka 18 na kuendelea, uamue kutenga msitu. Uamuzi wa Halmashauri ya Kijiji peke yake hautoshi kwa jambo hili. Muhtasari uandikwe jina la msitu, ukubwa wake na mipaka yake, na mahudhurio yasainiwe. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine iende wilayani. Muhtasari huo utawafaa miaka mingi baadaye, viongozi wa leo watakapokuwa wamekwisha ondoka.

## Hatua ya 2: Kamati ambayo watu wanaiamini

Kamati ya Maliasili ya Kijiji ndiyo itakayofanya kazi za kila siku, ikiwajibika kwa Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya Misitu inataka uundwaji wake uzingatie uwiano wa jinsia. Mimi naongeza kwamba kuwa na wanawake kwenye orodha hakutoshi. Wanawake ndio wanaojua kuni zinatoka wapi, chemchemi ipi imepungua na uyoga huota bonde gani. Kikao kikiitwa saa ya kupika au kuteka maji, hawatakuja, na kamati itaamua mambo ya msitu bila watu wanaoufahamu zaidi.

Chagueni wajumbe kutoka kila kitongoji, hasa vitongoji vinavyopakana na msitu. Mwenyekiti wa kijiji asiwe mwenyekiti wa kamati, kwa sababu yeye ndiye anayepaswa kuisimamia. Mfanyabiashara wa mbao asiwemo. Wajumbe wapewe muda maalum wa kukaa madarakani na Mkutano Mkuu uwe na uwezo wa kumwondoa mmoja mmoja bila kuvunja kamati nzima.

## Hatua ya 3: Jueni kilichomo kabla ya kuuza chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama mtakuwa wauzaji au waibiwa. Mnunuzi wa mninga au mpingo akifika huwa ameshazunguka, anajua miti mizuri iko wapi. Kijiji kisichojua kina nini kitakubali bei yoyote.

Mwombeni Afisa Misitu wa Wilaya aje kuwafundisha tathmini shirikishi ya rasilimali. Kazi yenyewe si ngumu. Mnazunguka mpaka wa msitu na kuchukua alama za kijiografia, simu ya kawaida yenye programu ya ramani inatosha kwa kuanzia. Kisha mnachora mistari kwenye ramani na kuweka juu yake sampuli za duara, yaani vieneo vidogo vya kupimia, kwa umbali unaolingana. Ndani ya kila duara mnahesabu miti, mnaandika jina lake la kienyeji, na mnapima unene wa shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Urefu huo hutumika duniani kote, kwa hiyo takwimu zenu zitaeleweka kwa mtaalamu yeyote. Andikeni pia visiki vipya, alama za moto, mashimo ya wachoma mkaa na vyanzo vya maji.

Msiweke duara mahali mnapoona miti mizuri. Pale mstari ulipoangukia ndipo mpime, hata kama ni kichaka kitupu. Sampuli zilizochaguliwa kwa macho hutoa msitu wa kwenye karatasi ambao haupo porini, na mtavuna kuliko uwezo wake.

Wazee wanaojua majina ya miti waende pamoja na vijana wanaojua kuandika. Kundi moja bila jingine halitamaliza kazi hii vizuri.

## Hatua ya 4: Mpango wa usimamizi na sheria ndogo

Mpango wa usimamizi uwe mfupi kiasi kwamba mjumbe wa kamati anaweza kuusoma kwa jioni moja. Ugawe msitu katika kanda: kanda ya ulinzi kamili (vyanzo vya maji, miteremko mikali, maeneo ya matambiko), kanda ya matumizi ya nyumbani, kanda ya uvunaji wa kuuza. Kila kanda iwe na maelezo ya nini kinaruhusiwa, nani anaruhusiwa, kiasi gani, na kwa malipo gani au bure.

Hapo kwenye "bure" nawasihi msiwe wagumu. Kuni zilizokauka, uyoga, matunda, mboga za porini na dawa kwa matumizi ya nyumbani viachwe bila malipo. Kama msitu mpya wa hifadhi unaanza kwa kumkamata bibi aliyebeba kuni, hakuna atakayetoa taarifa siku majangili wa mbao wanapoingia.

Sheria ndogo hutungwa na Halmashauri ya Kijiji, husomwa na kujadiliwa kwenye Mkutano Mkuu, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa na madiwani. Mpaka ziidhinishwe, faini mnayotoza inaweza kutenguliwa mahakamani. Hapa ndipo faili za vijiji vingi hukaa muda mrefu. Mteueni mtu mmoja wa kufuatilia, na diwani wenu aulizwe habari ya faili hilo kila anapokuja kijijini.

## Hatua ya 5: Chagueni biashara inayolingana na msitu wenu

Msikimbilie zote. Chagueni moja au mbili, mzimudu, kisha mwongeze.

Nyuki. Kijiji kikiniuliza kianzie wapi, nitasema nyuki. Mtaji ni mdogo, mti haukatwi, na mfugaji wa nyuki hugeuka mlinzi wa msitu bila kuajiriwa, maana moto ukipita mizinga yake inateketea. Misitu ya miombo ya Tabora na Katavi imefanya asali kuwa zao linalojulikana nje ya nchi.

Tundikeni mizinga karibu na maji, mbali na njia za watoto na mifugo, kwenye kivuli. Mizinga ya magome ya asili hufanya kazi, lakini kumchuna mti gome zima ni kuuua. Mzinga wa mbao wenye viunzi vya juu hudumu zaidi na hukuruhusu kuvuna bila kuharibu kiota. Vuneni masega yaliyofungwa kwa nta tu. Asali ya masega yaliyo wazi ina maji mengi, na kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20. Ikizidi hapo huchacha dukani na mnunuzi harudi. Tumieni moshi kidogo, vyombo safi visivyo vya kutu, na chujeni bila kuchemsha. Nta msiitupe, nayo ni fedha.

Udhaifu wa biashara hii ni kwamba faida huenda kwa wenye mizinga. Kama mnataka maskini wafaidike, vikundi vya mwanzo viwe vya wasio na mashamba makubwa, na mizinga ya mkopo itolewe kwao kwanza.

Mbao na mpingo. Hapa ndipo penye fedha nyingi na wizi mwingi. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyosaidiwa na shirika la MCDI viliingia mwaka 2009 katika cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, na vikawa vya kwanza Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mpingo wa huko hutumika kutengeneza zumari za Ulaya na vinyago vya hapa kwetu. Ni mti unaokua taratibu sana, miongo mingi kabla haujafikia unene wa kuuzwa, kwa hiyo kosa la msimu mmoja hulipwa na wajukuu.

Kanuni ya kuvuna ni kuchagua mti mmoja mmoja. Kamati hupitia msitu, huweka alama miti iliyofikia unene unaotakiwa na kanuni, huacha mingine iliyokomaa kama miti mama ya mbegu, na hukataza kukata karibu na maji. Mnunuzi hakati mti usio na alama. Kila gogo ligongwe alama kwa nyundo iliyosajiliwa, lipimwe kabla halijapakiwa, na liandikwe kwenye daftari la kijiji. Kiasi cha kuvunwa kila mwaka kitoke kwenye tathmini ya hatua ya 3. Haja ya mnunuzi siyo kipimo.

Mkaa. Najua wapenzi wa misitu hawapendi kulisikia neno hili. Lakini mkaa utachomwa, miji inaupikia, na kuukataza kijijini humpa nafasi mchomaji asiye na kibali. Wilayani Kilosa, vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwa vilionyesha njia nyingine kupitia mradi wa kuleta mageuzi katika sekta ya mkaa ulioanza mwaka 2012, wakisaidiwa na mashirika ya TFCG na MJUMITA. Eneo la mkaa hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyokatwa kwa kupishana kama ubao wa drafti, kwa mzunguko wa miaka 24.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kanda yenu ya mkaa ni hekta 240. Kitalu kimoja ni robo hekta, kwa hiyo mna vitalu 960. Gawanya kwa miaka 24: vitalu 40 kwa mwaka, basi. Mwaka wa 25 mnarudi kwenye kitalu cha kwanza, ambacho miombo yake imeshachipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi. Kinachoharibu mpango huu ni mambo matatu: kung'oa visiki, kuacha moto upite kwenye machipukizi, na kugeuza kitalu kilichokatwa kuwa shamba. La tatu ndilo kubwa. Mti uliokatwa kwa mkaa hurudi, lakini kitalu kilichogeuka shamba la mahindi hakirudi kuwa msitu maadamu kinalimwa.

Wafundisheni wachomaji kukausha kuni vizuri, kuzipanga kwa kubana na kusimamia tanuri mpaka mwisho. Tanuri la udongo la kawaida hutoa takriban kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kilo 100 za kuni kavu. Tofauti kati ya 10 na 20 ni ustadi tu, na ni nusu nzima ya miti iliyookolewa.

Malisho na kurudisha uoto. Kama msitu wenu umekwisha, msikate tamaa na wala msikimbilie kununua miche. Shinyanga ilikatwa miti kwa ajili ya kuondoa mbung'o na kupanua pamba mpaka ikaanza kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, haukuleta jambo geni. Uliamsha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili lije lisaidie kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti na nyasi. Mizizi ilikuwa bado hai ardhini, ilihitaji kupumzishwa. Fungeni eneo, zuieni moto na mbuzi kwa misimu michache, halafu ndipo mhesabu ni wapi panahitaji kupandwa.

Kaboni. Miti hunyonya na kuhifadhi hewa ya ukaa, na wapo wanunuzi wanaolipia kila tani ya hewa hiyo inayozuiwa isiende angani. Jamii za Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi hulipwa kwa sababu misitu yao haikukatwa. Kule Gazi, pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja hufanya hivyo kwa mikoko tangu mwaka 2013. Ni kipato kizuri kinachokuja bila shoka kuinuliwa, na Tanzania ina kanuni zake za biashara ya kaboni tangu mwaka 2022.

Lakini huu ndio mkataba wa hatari kuliko yote, kwa kuwa hauonekani kwa macho na hufunga kijiji kwa miaka mingi. Kabla ya kusaini, mnunuzi ajibu kwa maandishi: mkataba ni wa miaka mingapi; tani moja itauzwa kwa bei gani na tutaonyeshwaje stakabadhi ya mauzo; mgao wa kijiji unatokana na mapato ghafi au yaliyobaki baada ya gharama zake; moto ukiunguza msitu nani anabeba hasara; tunaweza kuendelea kuokota kuni, kulisha na kufuga nyuki; mkataba unavunjwaje. Uwepo kwa Kiswahili, usomwe wote kwenye Mkutano Mkuu, na mwanasheria wa halmashauri auone. Anayewaharakisha kusaini, mwambieni arudi mwezi ujao.

Na neno moja la tahadhari kwa biashara zote zinazotegemea soko la nje. Wakulima wa vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki, walikuwa wakiuza ng'ambo pupa, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, na kupata kipato kizuri huku msitu ukibaki salama. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na kipato hicho kikakatika, ingawa wao hawakuwa wamekosea lolote. Kijiji kisisimame kwa mguu mmoja.

## Hatua ya 6: Kuuza

Bei ipangwe na kijiji na itangazwe ubaoni kabla mnunuzi hajafika. Ulizeni bei ya mji wa wilaya na ya mji mkubwa, toeni usafiri na ushuru, mtaona nafasi yenu iko wapi. Wakitokea wanunuzi zaidi ya mmoja, washindanishwe wazi.

Kanuni za mwaka 2019 kuhusu magogo, mbao, nguzo, fito na mkaa zilibana utaratibu wa uvunaji na kuipa Kamati ya Uvunaji ya Wilaya nafasi kubwa. Kwa hiyo pelekeni mpango wa uvunaji mapema, msisubiri mpaka mnunuzi awe mlangoni. Mzigo ukitoka kijijini uwe na stakabadhi na hati ya kusafirishia. Mzigo usio na hati ukikamatwa kwenye kizuizi, jina linalochafuka ni la kijiji.

Malipo yapite benki kwenye akaunti ya kijiji. Fedha taslimu porini zikataliwe, hata kama mnunuzi anaongeza kidogo juu.

## Hatua ya 7: Fedha zifike kwa maskini

Nimeona nguvu nyingi ikiwekwa kwenye miti na kidogo sana kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msitu ndiyo mali inayopotea upesi zaidi, kwa kuwa kila mtu anadhani mwenzake anaangalia.

Mkutano Mkuu upitishe mgawanyo kabla fedha haijaingia, maana ikishaingia kila mtu ana wazo. Fungu la kwanza liwe la msitu wenyewe: posho za doria, kusafisha mpaka, kupima upya. Msipolitenga, mtavuna miaka mitatu kisha hakuna atakayelinda. Fungu la pili ni la maendeleo ya wote, kama darasa, kisima, nyumba ya muuguzi. Vijiji vingi pia hukubaliana kutoa asilimia ndogo kwa halmashauri ya wilaya kwa huduma za afisa misitu; iandikeni kwenye makubaliano, isiwe ya kuombwa kila mara.

Fungu la tatu ndilo husahaulika: la kaya maskini moja kwa moja. Darasa jipya humfaa mwenye mtoto shuleni. Mjane mzee asiye na mtoto, aliyezuiwa kukata fito kwenye kanda ya ulinzi, amefaidi nini? Mlipieni bima ya afya. Wapeni watoto wa kaya zilizo chini sare na madaftari. Toeni mizinga kwa mkopo usio na riba. Orodha ya kaya hizo itungwe vitongojini na isomwe hadharani, ili ndugu wa viongozi wasijipenyeze.

Mapato na matumizi yasomwe kila baada ya miezi mitatu, kwenye Mkutano Mkuu ambao sheria inautaka kwa kawaida, na yabandikwe ubaoni kwa maandishi makubwa: tarehe, mnunuzi, ujazo, bei, kiasi kilichoingia, kilichotoka na kwa nani. Mtendaji akikwepa mkutano mara mbili, wanakijiji waandike barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na nakala kwa diwani. Mikutano miwili bila hesabu ni dalili ya kutosha.

## Hatua ya 8: Doria, moto na mwaka wa tatu

Doria ziwe za kushtukiza, watu wasiopungua wanne, wakiwa na kitambulisho na daftari. Wakikuta uhalifu wenye silaha wasipambane. Wapige picha, waandike mahali, wamwite Afisa Misitu, Wakala wa Huduma za Misitu au polisi. Mbao zilizokamatwa ziuzwe hadharani na zionekane kwenye hesabu za mapato, vinginevyo doria yenyewe itageuka biashara.

Kwa moto, safisheni barabara za kuzuia moto kabla kiangazi hakijakolea, na kama mtaalamu amekubali, chomeni mapema maeneo ya nyasi wakati bado yana unyevu, ili moto mkali wa Septemba na Oktoba ukose cha kula. Washirikisheni warina asali na wawindaji, kwani moto mwingine huanzia kwao.

Msitu ukishasimamiwa kwa miaka mitatu baada ya kijiji kuutangaza, mnaweza kuomba utangazwe rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Ombi liende kupitia halmashauri ya wilaya likiwa na muhtasari wa Mkutano Mkuu, ramani ya mpaka, mpango wa usimamizi, sheria ndogo zilizoidhinishwa, na hesabu za miaka yote mitatu. Kisha rudini kwenye sampuli zile zile za duara mlizoweka mwanzoni na mpime tena. Kama miti imepungua kuliko mlivyopanga, punguzeni vitalu vya mwaka unaofuata kabla hamjasaini mkataba mwingine.